Hela Iliyobaki Anamalizia Nani?

Mei 1995, Los Angeles, maonyesho ya kwanza ya gemu yanayoitwa E3. Kampuni ya Sega imeshatangaza kwamba mashine yake mpya, Saturn, itauzwa dola 399. Inafika zamu ya Sony, wageni kabisa katika biashara hii. Steve Race, mkuu wa kitengo chao cha gemu Marekani, anaitwa jukwaani. Anasogelea kipaza sauti, anasema "299", anarudi kukaa. Ukumbi unalipuka kwa makofi.

Watu wa biashara huisimulia habari hii kama ushindi, na kweli ulikuwa ushindi: Saturn haikuinuka tena kule Marekani, na PlayStation ikaja kuwa jina ambalo hata bibi asiyewahi kushika pedi analijua. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii imenizoesha swali moja ambalo siwezi kuliacha nyumbani: nani analipa? Ukiambiwa mkutano una chakula cha bure, unauliza nani analipa. Ukiona bango la mgombea kila nguzo, unauliza nani analipa. Na kitu kikishuka bei ghafla, dola 100 zikayeyuka kwa neno moja, unauliza zile dola zimekwenda wapi. Hazikuyeyuka. Kuna mtu amezibeba.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo kwenye mazungumzo tunayachanganya tu: bei, gharama na thamani. Bei ni ile unayoambiwa dukani. Gharama ni vyote vilivyotumika hadi kitu kikawepo. Thamani ni kile ambacho kitu kina maana kwako, na hiyo haiandikwi kwenye boksi. Katika bidhaa nyingi, bei hukaa juu kidogo ya gharama na chini kidogo ya thamani, kila mtu anaondoka ameridhika. Mashine ya gemu ni kati ya vitu vichache ambavyo bei hukaa chini ya gharama kwa makusudi, tena hadharani.

Chukua PlayStation 3. Ilipoingia Marekani Novemba 2006 iliuzwa dola 499 kwa toleo dogo na 599 kwa kubwa. Watu wakalalamika kwamba ni ghali mno. Kampuni ya utafiti ya iSuppli ikaifungua mashine, ikahesabu kipande kwa kipande, ikakadiria kwamba kuitengeneza kuligharimu karibu dola 806 kwa lile dogo na 840 kwa kubwa. Yaani yule aliyelalamika kwamba anaibiwa alikuwa anaondoka dukani na dola zaidi ya 200 za Sony. Mwaka wa hesabu ulioisha Machi 2007, kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya yen bilioni 232. Na Mei 2021, kwenye kesi ya Epic dhidi ya Apple huko California, mkuu mmoja wa Microsoft, Lori Wright, aliulizwa chini ya kiapo kama kampuni yake imewahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox. Akajibu hapana.

Ukiwa Kariakoo unanunua shati, muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake: "Kaka, hapo nakupa kwa hasara." Wote wawili mnajua si kweli, na kujua huko ni sehemu ya adabu ya soko. Unacheka, unaongeza elfu mbili, mnaagana. Sasa huku kwenye konsoli kiapo kile kile mara nyingi ni kweli, na kwa hilo kinatakiwa kututia wasiwasi zaidi. Mtu anayekupa kitu kwa hasara ya kweli, na hamjuani, anataka nini?

Jibu la kwanza ni rahisi. Anataka gemu. Kila gemu inayouzwa kwa ajili ya mashine yake, hata iliyotengenezwa na wengine, inamlipa kitu. Kwenye maduka ya mtandaoni kiwango kilichozoeleka ni asilimia 30. Nintendo ndiyo iliyoufundisha ulimwengu mpango huu. Katika miaka ya 1980 mashine yake ya NES ilikuwa na chipu ndogo ya kufuli: kaseti isiyo na chipu pacha haichezi. Aliyetaka kuuza gemu humo ilimbidi aagize kaseti kwa Nintendo, alipe Nintendo, tena asitoe zaidi ya gemu tano kwa mwaka. Mashine ikawa mlango, na mwenye mlango akawa anatoza kila anayepita.

Jibu la pili ni muda. Mashine inayogharimu dola 800 leo itagharimu nusu yake baada ya miaka michache, kwa sababu chipu hupungua ukubwa na viwanda huzoea kazi. PlayStation 2 ilianza kwa dola 299 Marekani mwaka 2000, ikawa 199 mwaka 2002, ikateremka hadi ikafika 99 mwaka 2009. Ukiweza kuvumilia hasara ya mwanzo, wakati unakulipa.

Kwa hiyo bei ya mashine ya gemu ni sura ya kwanza tu ya kitabu kirefu, na wewe unayesoma blogu kama hii unajua kwamba sura ya kwanza kazi yake ni kukufanya usiweke kitabu chini. Hilo halina ubaya. Ubaya unaanza pale msimulizi anapokupa sura ya kwanza akikuaminisha kwamba ndiyo kitabu kizima.

Wanafalsafa wa zamani waliisumbukia sana bei ya haki. Thomas Aquinas, karne ya 13, aliuliza kama ni halali kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake, akasema kumdanganya mtu ili umuuzie ghali ni dhambi. Wasiwasi wake mkubwa ulikuwa muuzaji anayelangua. Muuzaji anayepunja faida yake mwenyewe kwa hiari hakuwa tatizo kubwa; nani angemlalamikia? Lakini zama zetu zimejaa muuzaji huyo. Printa inauzwa kwa bei ya kutupa, wino unauma. Programu ya simu ni bure, matangazo hayaishi. Wahenga wetu walishaonya kwamba rahisi huvunja upishi, ila hata wao walikuwa wanamwonya mnunuzi kuhusu ubora wa kitu. Hapa ubora upo, mashine ni nzuri ajabu. Kinachovunjika ni kitu kingine: uhusiano kati ya unacholipa na unachodhani umenunua.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jambo hili kuliko hoja yoyote. PlayStation 3 za mwanzo zilikuja na ruhusa ya kuweka mfumo mwingine wa kompyuta, kwa mfano Linux. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani ikaona mwanya: hii ni kompyuta yenye nguvu inayouzwa chini ya gharama. Ikanunua mashine zaidi ya 1,700, ikaziunganisha, ikapata kompyuta kubwa iliyozinduliwa mwaka 2010. Hawakuwa wananunua gemu. Walichukua ruzuku, wakaondoka.

Mwaka huo huo wa 2010, mwezi Aprili, Sony ilitoa sasisho lililofuta ruhusa ile. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Ukikubali sasisho, unapoteza Linux. Ukikataa, hutacheza tena na wenzako mtandaoni. Watu waliokuwa wamelipa na mashine ziko sebuleni kwao wakaamka wamepungukiwa. Walienda mahakamani, na kesi ikaja kuishia kwa makubaliano ya fidia.

Nani alimkosea nani hapo? Jeshi halikuiba; lililipa bei iliyoandikwa. Lakini ukiitazama kwa macho ya muuzaji, bei ile ilikuwa na sharti lisilotamkwa: nakupunguzia, nawe utarudi kununua gemu. Mimi nasema sharti lisilotamkwa si sharti. Anayekukopesha bila kukwambia kwamba ni mkopo hana haki ya kukudai, sembuse kuingia sebuleni kwako usiku kuchukua kiti kimoja. Kama dola 599 haitoshi, sema 840, nami nitaamua. Ukiamua kwa hiari yako kubeba tofauti, hiyo ni bahati nasibu yako, na bahati nasibu haimwachii mshiriki mwingine deni.

Hoja hii inanipeleka karibu na kwetu, na huku inakuwa ngumu.

Huku kwetu PlayStation iliingia kwa mlango wa uani. Wengi tuliokua miaka ya 2000 tuliijua kupitia kibanda cha gemu: televisheni mbili tatu, benchi, mashine zilizokwisha "kuchipiwa" ili zisome CD za kuchoma, na mwenye kibanda akitoza kwa mechi. Winning Eleven ndiyo ilikuwa dini. Hela tuliyolipa ilibaki mtaani. Haikufika Tokyo hata senti moja. Mashine yenyewe, iliyouzwa kwa bei ya kujitolea ili irudishiwe na gemu, ilikuwa imeangukia mahali ambapo gemu halisi hazikuuzwa. Kwa hesabu za kampuni sisi tulikuwa hasara tupu.

Je, tulikuwa wezi?

Jibu la haraka, na nimelisikia sana, ni kwamba mtu asiyealikwa kwenye karamu hawezi kulaumiwa kwa kutoleta zawadi. Lina nguvu. Mpaka leo Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation. Kijana wa Temeke au Eastleigh anafungua akaunti kwa kujifanya yuko Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Mwezi Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wote wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma haipo. Wachezaji wakapiga kelele, sharti la akaunti likafutwa, lakini gemu haikurudi mara moja katika nchi nyingi kati ya hizo. Unataka kulipa, unaambiwa huna anuani. Ni vigumu kumwita mtu mkiukaji wa mkataba ambao haukutaka saini yake.

Hata hivyo siwezi kusimama hapo, na nyinyi wasomaji wa fasihi mnajua kwa nini. Mwenye mashine na mwenye gemu si mtu mmoja. Kibanda kilipoinyima Sony asilimia yake, kiliwanyima pia watu waliokaa miaka wakichora nyasi za uwanja na kutunga mbio za mchezaji. Hoja ya "sikualikwa" inamjibu mwenye mlango, haimjibu fundi. Ni hoja ile ile inayotumika kwenye makundi ya WhatsApp pale riwaya mpya ya Kiswahili inapotumwa kwa PDF siku ya tatu baada ya kutoka, na mtu anaandika "asante sana mkuu" na vikopa viwili. Vitabu ni ghali, maduka hakuna wilayani, mchapishaji hajali. Yote kweli. Na mwandishi amekaa nyumbani kwake anasubiri mrabaha wa nakala arobaini. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa muuzaji aliyepunguza bei kwa hiari yake sidaiwi kitu zaidi ya bei. Kwa aliyetunga nadaiwa, hata kama hakuna njia nyepesi ya kumlipa, na siku njia ikipatikana kisingizio kinaisha.

Sasa turudi kwenye neno gharama, maana mpaka hapa nimelitumia kama kampuni zinavyolitumia. Dola 840: kichakato kiasi fulani, kisomeo cha Blu-ray kiasi fulani, kazi ya kuunganisha kiasi fulani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nani kaunda?

Januari 2012, wafanyakazi wa kiwanda cha Foxconn mjini Wuhan, China, walipanda juu ya paa wakitishia kujirusha. Walikuwa kwenye laini ya kuunganisha Xbox 360. Walishushwa kwa mazungumzo. Oktoba 2013, kampuni hiyo hiyo ilikiri kwamba katika kiwanda chake cha Yantai wanafunzi waliopelekwa kwa mafunzo ya vitendo walifanyishwa kazi za usiku na za ziada kinyume cha kanuni zake yenyewe. Taarifa za wakati ule zilisema walikuwa wanaunganisha PlayStation 4, na kwamba aliyekataa alihofia kunyimwa alama za chuo. Ile PlayStation 4 ambayo miezi minne kabla, pale E3, ilishangiliwa kwa sababu bei yake ni dola 399 wakati Xbox One ni 499. Makofi mengine, dola 100 nyingine.

Shuka zaidi, ufike Kivu. Kapasita ndogo zilizomo kwenye simu, kompyuta na mashine za gemu hutumia tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani. Mwaka 2000, mahitaji ya vifaa vya elektroniki yalipopanda duniani, bei ya madini haya ililipuka, na ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ikaeleza jinsi majeshi na makundi ya silaha yalivyokuwa yanayavuna mashariki mwa Kongo. Baadhi ya wanaharakati wakaviita vita vile "vita vya PlayStation", kwa kuwa PlayStation 2 ilitoka mwaka huo. Jina hilo lina chumvi. Koltani ilienda kwenye simu na kompyuta pia, na vita ile ilikuwa na mizizi yake mingine. Lakini shimo ni la kweli. Rubaya, kule Masisi, bado linachimbwa kwa sururu na mikono, na tangu 2024 liko chini ya M23, ambao kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanatoza kodi kwa koltani inayotoka hapo. Wachimbaji wa Kivu wanapatana bei kwa Kiswahili. Hatuhitaji mkalimani kuwaelewa, na pengine ndiyo maana ni rahisi zaidi kutowasikiliza.

Hapa ndipo kile kiapo cha "nauza kwa hasara" kinapobadilika sura. Kampuni inaposema mashine imeigharimu 840 na inauza 599, inatutaka tuone imebeba 241. Sawa, imebeba. Lakini ile 840 nayo ni bei. Ni jumla ya bei nyingine nyingi zilizoshushwa huko chini na watu ambao hawakuwa na nafasi ya kusema hapana: mwanafunzi wa Yantai aliyehofia alama zake, mchimbaji anayeuza kilo kwa yeyote aliye na bunduki na mizani. Kama wangelipwa stahili yao, gharama isingekuwa 840. Kwa hiyo kuna ruzuku mbili kwenye boksi moja. Ya juu imetolewa na kampuni kwa hiari, ikiwa na hesabu ya kuirudisha. Ya chini imetolewa na watu ambao hawakuulizwa, na haina mpango wa kurudi.

Kuna atakayesema: basi uza kwa bei ya kweli, tumalize unafiki. Natamani iwe rahisi hivyo. Bei ya chini, pamoja na uongo wake wote, ndiyo iliyoruhusu mashine ya kompyuta yenye uwezo ule kufika kwenye nyumba za kawaida, na baadaye, ikiwa imetumika na kuchoka, kwenye benchi la kibanda chetu. Bei yenye kusema kweli yote ingebaki kuwa ya wenye nazo. Sijapata njia ya kuusifu ukweli unaofunga mlango bila kujisikia kama mtu aliyeshiba anayehubiri kufunga.

Ila kuna mfano mdogo unaonipa moyo. Mwaka 2011 Nintendo ilitoa 3DS kwa dola 249.99, haikuuzika, na baada ya miezi michache ikashushwa hadi 169.99. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, akakatwa nusu ya mshahara wake, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya zamani wakapewa gemu 20 bure. Unaweza kusema ni mbinu ya kulinda jina, na ilikuwa hivyo pia. Lakini ndani yake kuna kukiri kwamba mpango wa bei ukivunjika, kuna mtu ameumia, na anayepanga ndiye wa kwanza kuchangia. Nauliza tu: kama uhusiano huo unawezekana na mnunuzi wa dola 249, kwa nini hauwezekani na aliyeshika bisibisi?

Siku hizi mkondo umegeuka. PlayStation 5 ilitoka 2020 kwa dola 499.99 Marekani; badala ya kushuka kama zilivyoshuka dada zake, Agosti 2025 ilipanda hadi 549.99. Xbox nazo zikapanda mwaka huo. Chipu hazishuki bei kama zamani, na Marekani imeweka ushuru mpya. Kampuni zikatoa matangazo ya kusikitika, zikitaja hali ngumu ya uchumi, na wateja wakaelewa: gharama zimepanda, bei imepanda.

Nimeyasoma matangazo yale kwa makini ya kikazi. Kumbe gharama inaweza kusemwa hadharani. Serikali ikidai sehemu yake, inasemwa. Mtengenezaji wa chipu akidai, inasemwa. Bado nasubiri tangazo moja litakalosema bei imepanda dola tatu kwa sababu usiku wa Yantai sasa unalipwa, au kwa sababu kilo ya Rubaya imepimwa kwa mizani ya haki. Siku hiyo nitalalamika kidogo kama kila mteja, kisha nitalipa. Na nyinyi mnaonaje, mngelipa?